Walter Rodney: mwalimu aliyewakabidhi vijana kalamu nyekundu

Leo naomba tupumzike kidogo na siasa za kila siku. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita, na nimeona njia nzuri ya kulitoa ni kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, wengi wenu hamjazaliwa, na mimi pia nilikuwa bado. Kama uko kafe na muda wako unayoyoma, soma mpaka utakapokatika, kesho uje umalizie. Habari yenyewe haiozi.

Nianze kwa kujishitaki. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja, jina la chuo tuliache. Nafundisha historia mwaka wa kwanza. Siku moja kwenye semina niliandika ubaoni kwamba mkataba wa Heligoland, ule wa Waingereza na Wajerumani, ulisainiwa mwaka 1886. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, akasema kwa adabu zote kwamba kitabu alichosoma kinasema 1890, na kwamba ule wa 1886 ulikuwa mkataba mwingine wa kabla yake. Alikuwa sahihi kabisa. Sasa mimi, badala ya kusema asante, nikamwambia akishapata digrii ya pili aje tubishane. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akakaa.

Basi, muhula mzima hakuna aliyeniuliza swali tena. Nikadhani wananielewa sana! Mwisho wa muhula nikakaa kusahihisha mitihani, nikafika kwenye swali la mikataba. Jamani, karibu darasa zima wameandika 1886. Nikaitafuta karatasi ya yule binti. Na yeye kaandika 1886.

Usiku ule usingizi ulikuwa wa shida. Nikainuka, nikatoa kwenye sanduku fotokopi moja iliyochakaa niliyoinunua nikiwa mwanafunzi, kwa hela ya bumu. Ni kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Wengi tumekisoma kwa ajili ya mtihani tu, tunaruka utangulizi maana utangulizi hautoki kwenye mtihani. Mimi usiku ule nikausoma. Na kilichomo mle ndani ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Nitafika huko, vumilieni.

Huyu jamaa alikuwa nani hasa? Walter Anthony Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 mjini Georgetown, Guyana, nchi iliyoko juu kabisa ya Amerika ya Kusini, wakati huo koloni la Mwingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake alishona pia. Kwao hakukuwa na utajiri ila siasa ilikuwepo. Wazazi walikuwa wafuasi wa chama cha PPP kilichopigania uhuru, na mwaka 1953, Walter akiwa mtoto wa miaka 11, alikuwa akitembea mitaani kugawa vipeperushi vya chama. Ukigawa karatasi mlango kwa mlango unafukuzwa, unaulizwa maswali, mbwa wanakukimbiza. Sidhani kama kuna shule nzuri zaidi ya hiyo ya kuzoea kuongea na watu.

Kichwa chake kilikuwa moto. Akapata nafasi Queen's College, sekondari kubwa ya wavulana pale Georgetown, na mwaka 1960 akapata ufadhili kwenda chuo kikuu cha Mona, Jamaica. Akamaliza mwaka 1963 na daraja la kwanza kwenye historia. Akavuka bahari hadi London, akasoma SOAS, na mwaka 1966 akapata udaktari wa falsafa akiwa na miaka 24. Miaka 24! Utafiti wake ulihusu pwani ya Guinea ya Juu kati ya 1545 na 1800, na ili kuufanya ilimbidi asome nyaraka za Kireno na Kihispania kwenye makavazi ya huko Ulaya.

Lakini London ilimpa kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye cheti. Yeye na vijana wenzake wa Karibiani walikuwa wakikutana nyumbani kwa C.L.R. James, mwanahistoria mkongwe wa Trinidad, aliyeandika habari za mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Mkutano wenyewe ulikuwa wa kusoma. Unakuja umejiandaa, unaeleza ulichoelewa, wenzako wanakikagua. Mzee James na mkewe Selma hawakumwachia mtu kusema jambo ambalo hawezi kulitetea. Chuoni Rodney alipata shahada, ila nadhani kwenye sebule ile ndiko alikojifunza ualimu.

Mwaka huohuo wa 1966 akaja Dar es Salaam kufundisha historia. Hebu tupajue mahali penyewe. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14 tu wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kile kilima tunachokiita Mlimani. Wakati Rodney anafika bado kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kikajitegemea rasmi Julai 1970.

Na alifika kwenye moto. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere akakasirika vibaya sana, akawafukuza karibu 400, na yeye mwenyewe akajikata mshahara kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, halafu Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo ukafanyika mkutano mkubwa pale Mlimani kujadili swali moja: chuo kikuu kwenye nchi ya kijamaa kifundishe nini, na kifundishe vipi?

Mnaona uzito wa swali? Tukumbuke kwamba mitaala ilikuwa imeletwa kutoka London, na waalimu wengi walitoka huko pia. Mwanafunzi anatoka Songea au Musoma, anakaa kwenye ukumbi, anaandika anachoambiwa, anakimeza, anakitapika kwenye mtihani. Kisha anakuwa bosi. Ndiyo maana siku alipoambiwa aende jeshini akaona kama ametukanwa.

Sasa kuna wanafunzi walioamua kutosubiri kamati. Mwaka 1967 wakaanzisha umoja wao ulioitwa USARF, umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Afrika. Mwenyekiti alikuwa kijana mmoja kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo mnayemjua. Walikuwemo pia Issa Shivji, Eriya Kategaya, Karim Hirji, Zakia Meghji, Henry Mapolu na wengineo. Kazi yao mojawapo ilikuwa madarasa ya Jumapili asubuhi. Wakati wengine wamelala au wako kanisani, hawa wamekaa na vitabu ambavyo havimo kwenye mtaala. Hakuna maksi, hakuna cheti, hakuna kuitwa jina. Na baadhi ya waalimu walikuwa wanakuja, wanakaa kwenye viti sawasawa na wanafunzi, wanabishana nao. Rodney alikuwa mmojawapo.

Hebu fikiria hilo kidogo. Daktari wa falsafa, amekaa Jumapili anasikiliza kijana wa mwaka wa pili akichambua uchumi wa dunia, halafu anapinga kwa hoja au anakubali. Kesho yake Jumatatu wanakutana kwenye ukumbi wa mihadhara. Unadhani kijana yule ataogopa kunyoosha mkono?

Januari 1968 Rodney akarudi Mona kufundisha palepale aliposoma. Huko ndiko mambo yalikolipuka. Alifundisha historia ya Afrika chuoni, lakini jioni na wikiendi alishuka kwenye vitongoji vya Kingston, akakaa na Marasta, na vijana wasio na kazi, kwenye nyua na pembeni ya majalala. Anawaeleza habari za dola za kale za Afrika, na wao wanamweleza maisha yao. Wenyewe Marasta wana neno lao kwa ukaaji huo, maana yake ni kukaa chini pamoja bila mkubwa wala mdogo. Sisi tungeuita kukaa barazani. Mazungumzo hayo pamoja na mihadhara yake vikatoka kitabu mwaka 1969, The Groundings with My Brothers, kilichochapwa London na Bogle-L'Ouverture.

Serikali ya Jamaica haikupenda. Mtu mwenye udaktari anafanya nini na wavuta bangi wa Kingston? Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal, Kanada, kwenye mkutano wa waandishi weusi. Tarehe 15 ndege iliyomrudisha ikatua Kingston, akazuiwa kushuka. Waziri Mkuu Hugh Shearer alishaamua. Kesho yake wanafunzi wa Mona wakaandamana kumtetea mwalimu wao, polisi wakawapiga mabomu ya machozi, na watu wa mitaani wakajiunga. Jiji likawaka, mali zikaharibiwa na watu wakapoteza maisha. Mpaka leo siku hizo zinaitwa kwa jina lake.

Mimi najiuliza: nikifukuzwa mimi leo, kuna mwanafunzi atakayeacha hata chai yake? Jibu ninalo, na silipendi.

Rodney akapita Cuba, halafu mwaka 1969 akarejea Dar es Salaam. Akakaa mpaka 1974, na miaka hii mitano ndiyo iliyompa jina Mlimani. Aliishi na mkewe Patricia na watoto wao. Alifundisha, aliandika, alibishana. Maandalio ya mihadhara yake ya Dar kuhusu mapinduzi ya Urusi yalikuja kutoka kitabu mwaka 2018, miaka 38 baada ya kifo chake. Aliandaa pia utafiti kuhusu vibarua wa mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni akishirikiana na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, majina matatu juu ya kazi moja. Nao ulichapwa baada ya kufa kwake, mwaka 1983.

Novemba 1969 wale vijana wa USARF, pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, wakaanzisha jarida lao, Cheche. Waliliandika na kulihariri wenyewe. Toleo la kwanza kabisa lina makala ya Rodney. Tazameni vizuri hapo: siyo wanafunzi wanaoomba nafasi kwenye jarida la maprofesa. Ni mwalimu anayepeleka makala kwa wahariri ambao ni wanafunzi.

Sasa msije mkadhani pale palikuwa peponi. Hapana. Desemba 1969 Rodney alitoa mada kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, akazishambulia serikali za Kiafrika zilizorithi ukoloni. Gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali, likaona maneno yake ni joto tupu la hewa. Mgeni kwenye nchi ya watu, anasemwa hivyo na gazeti la chama tawala! Wengine tungefunga mabegi. Yeye akaandika barua kwa gazeti, akaeleza msimamo wake, akabaki.

Septemba 1970 Cheche wakatoa toleo maalumu la Issa Shivji lililouliza kama kweli Tanzania inajenga ujamaa, au kuna tabaka jipya linajijenga lenyewe ndani ya serikali. Mwanafunzi wa sheria aliyemaliza juzi tu anaiuliza nchi swali hilo! Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku na USARF ikafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania ina itikadi yake na haihitaji ya kuazima, na kwamba jina lenyewe Cheche limeigwa kutoka jarida la Warusi. Vijana wakapumua, wakaanzisha jingine, wakaliita MajiMaji. Nani angesema jina hilo ni la kigeni?

Na kwa haki ya Mwalimu Nyerere, yeye naye alikuwa anapanda Mlimani kubishana na wanafunzi ana kwa ana. Siyo marais wote wanaofanya hivyo. Lakini kupiga marufuku kulibaki kupiga marufuku.

Halafu Julai 1971 ikaja ile kesi maarufu ya Akivaga. Symonds Akivaga, Mkenya, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo akilalamika jinsi maamuzi yanavyofanywa bila kuwashirikisha wanafunzi. Polisi wenye silaha wakaja kumchukua, akarudishwa Kenya. Wanafunzi wakasusa madarasa, na waalimu kadhaa wakasimama upande wao. Tangu hapo suala la mwanafunzi kuwa na sauti kwenye vikao vya chuo likawa halizimiki tena. Ile nafasi ya mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati za chuo, ambayo wengi wetu tunaiona ni ya kula posho tu, ililipiwa na watu.

Kwenye hali hiyo ndipo Rodney alipomaliza kuandika kitabu chake kikubwa. Kilitoka 1972, kikichapwa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture wa London na Tanzania Publishing House ya hapahapa Dar. Hoja yake mnaijua: utajiri wa Ulaya na ufukara wa Afrika ni pande mbili za sarafu moja. Biashara ya utumwa iliondoa nguvukazi ya vijana. Reli za mkoloni zilitoka kwenye migodi na mashamba kwenda bandarini, hazikuunganisha mji wa Kiafrika na mwingine. Shule zake zilitengeneza makarani. Maneno ya mwisho wa kitabu yakaandikwa na Abdulrahman Babu, mwanasiasa wetu wa Zanzibar. Na tofauti na vitabu vya wasomi, hakikujaa tanbihi. Kila sura inaishia na maelezo mafupi ya nini usome zaidi, kwa sababu alitaka kijana yeyote aweze kukishika.

Sasa turudi kwenye ule utangulizi wa usiku wangu wa mawazo. Rodney anawashukuru wawili kwa namna ya pekee, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada na kuukosoa kwa nia ya kujenga. Hao siyo maprofesa wa Oxford. Ni vijana wa Mlimani, wahariri wa Cheche! Hirji hata historia hakusomea, alisomea hisabati. Mwenye udaktari wa London, ambaye Oxford walishamchapia kitabu mwaka 1970, anachukua mswada wake muhimu kuliko yote, anawapa vijana wauchane kwa kalamu nyekundu.

Na hakuishia hapo. Mnajua ile desturi ya waandishi, kwamba nawashukuru hawa lakini makosa yote ni yangu peke yangu. Inaonekana ni unyenyekevu, au siyo? Rodney akaikataa waziwazi. Yeye aliona huo ni ubinafsi wa kibwanyenye uliovaa joho la adabu. Kwa maoni yake, katika kazi ya namna hii wajibu ni wa wote, hasa wajibu wa kurekebisha kasoro.

Nilisoma sentensi hizo nikauona mwaka 1886 ubaoni kwangu. Kosa lilikuwa langu, hilo halina ubishi. Lakini kulikuwa na mtu darasani aliyekuwa tayari kulirekebisha, na mimi nikamnyang'anya kazi yake.

Nimalizie maisha yake, maana yanauma. Mwaka 1974 Rodney aliondoka Tanzania kurudi kwao. Baadaye alieleza kwa nini, na sababu yake ni somo tosha. Aliona kwamba ukitaka kushiriki kwa kina mapambano ya watu, lazima uijue lugha yao na mazoea yao kama mtu aliyekulia humo, na kwamba yeye hapa angeishia kwenye mipaka ya chuo. Mlimani mijadala ilienda kwa Kiingereza, wakati watu wa Manzese wanaongea Kiswahili. Hili ni shimo ambalo wale wanamapinduzi wetu hawakulifukia, na sisi hatujalifukia pia. Mwanafunzi anayetafuta maneno ya Kiingereza kichwani hana nafasi ya kubishana. Anakaa kimya, sisi tunasema hana akili.

Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimempa nafasi ya uprofesa. Alipofika akakuta nafasi imefutwa, kwa mkono wa serikali ya Forbes Burnham. Walidhani ataondoka kutafuta kazi Marekani. Akakataa kuhama. Alikwenda nje kutoa mihadhara ili apate hela ya kula, kisha anarudi. Nyumba nyingi za Guyana zinajengwa juu ya nguzo, na chini yake kuna kivuli cha watu kukaa. Basi chini ya nyumba hizo ndiko alikofundisha wafanyakazi wa miwa na wa migodi ya boksaiti. Walimnyima chuo, akakihamishia uvunguni. Akawa pia kiongozi kwenye Working People's Alliance, kundi lililokuwa chama rasmi mwaka 1979, lililowaunganisha watu wa asili ya Afrika na wa asili ya India kwenye nchi ambako wanasiasa walikula kwa kuwagawa.

Jioni ya tarehe 13 Juni 1980, Rodney alikuwa kwenye gari na mdogo wake Donald mjini Georgetown. Walikuwa na redio ya mawasiliano waliyopewa na Gregory Smith, mtu aliyekuwa sajenti wa jeshi. Ndani ya redio kulikuwa na bomu. Walter alikufa palepale akiwa na miaka 38. Donald alijeruhiwa. Smith akakimbilia Guyana ya Ufaransa, na alikufa mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2014 ilitoa ripoti mwaka 2016, ikaona dola la wakati ule lilihusika na kwamba Burnham alijua. Miaka 36 kusubiri jambo ambalo kila mtu mtaani alishalisema siku ya kwanza.

Haya. Kwa nini nimewachosha na yote haya?

Muhula huu nilifanya jaribio. Kabla ya kuwagawia desa langu nilitoa kopi chache, nikaingia darasani na kalamu nyekundu kadhaa, nikawaambia wasahihishe mimi kwanza. Wiki ya kwanza kimya kabisa, wanaangaliana, wanahisi ni mtego. Wiki ya pili mmoja akarekebisha tahajia. Wiki ya nne wakaniambia mifano yangu yote ni ya Ulaya, na kwamba naongea haraka nikiwa sina uhakika na ninachosema. Hiyo ya mwisho iliniuma, maana ni kweli. Siwadanganyi kwamba ni rahisi. Darasa ni kubwa, silabasi hatukuimaliza, na mwenzangu mmoja kazini ananiambia najishushia heshima. Huenda. Lakini mtihani uliopita nilisoma majibu yanayotofautiana, mengine yananipinga, na nilichelewa kumaliza kwa sababu ilinibidi nifikiri.

Na yule binti? Nilimtafuta. Yuko mwaka wa pili sasa. Nilimwomba radhi kwenye korido, akacheka kidogo, akaniambia yameisha. Nikamuuliza kwa nini aliandika 1886 wakati anajua ni 1890. Akanijibu bila hasira kwamba anasoma kwa mkopo, nyumbani wanamsubiri, na hakuwa na uwezo wa kula supu kwa ajili ya mwaka mmoja. Alijua jibu sahihi, akajua pia jibu ninalolitaka, akachagua.

Sikuwa na la kusema. Hilo ndilo nililomfundisha muhula mzima.

Sasa naomba nyie mlioko vyuoni mniambie kwenye maoni hapo chini. Umewahi kuandika jibu unalojua si sahihi kwa sababu ndilo mwalimu analolitaka? Na nyie waalimu wenzangu mnaopita humu kimyakimya, kuna aliyewahi kuwapa wanafunzi kalamu nyekundu, ikawaje? Siyo lazima uweke jina. Na kama kuna tarehe nimekosea humu, nirekebisheni. Safari hii nitasema asante.